Seva inaganda mfumo wa faili, kill -9 haifui dafu. Naombeni msaada wakuu

binti_wa_Temeke

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisomee hadi mwisho. Najua ni ndefu, ila nimeandika kila nilichokiona kwa macho yangu ili msihangaike kunirudisha nyuma kwa maswali.

Natunza seva ya duka la jumla la dawa hapa Kariakoo. Ni mashine ya kawaida: Debian 12, RAM ya GB 16, diski mbili za TB 2 zilizounganishwa kwa RAID 1 ya mdadm (kila kitu kinaandikwa kwenye diski zote mbili), juu yake mfumo wa faili wa ext4, na juu ya ext4 kuna hifadhidata ya MariaDB inayobeba stoku, mauzo na madeni ya wateja. Imekaa chini ya ngazi, chumba kimoja na makatoni ya dripu. Kaunta sita zinaitegemea. Ikilala, wauzaji wanarudi kwenye karatasi, foleni inafika barabarani, na dawa zinazokaribia kuisha muda hakuna anayezifuatilia mpaka kesho yake.

Tukio la kwanza lilikuwa Jumanne ya wiki juzi, saa mbili na kitu usiku, tunafunga hesabu. Kaunta zote zikasimama kwa pamoja. Nikaingia kwa ssh, ikanipokea vizuri tu. `uptime` ikanipa load ya 41. Nikafungua `top` nikitarajia kukuta programu inayokula CPU, nikakuta CPU imekaa bure, `us` (kazi za programu) haifiki hata 3, ila `wa` (kusubiri diski) imepanda juu ya 90. Nikaandika `ls /var/lib/mysql` na hapo hapo dirisha likaganda. Ctrl+C, wapi. Nikafungua dirisha la pili, nikaamua kuiua mariadbd (mchakato wa MariaDB) kwa nguvu, `kill -9`. Haikufa. Nikarudia mara nne, inanitazama tu, na pembeni yake `ps` imeandika herufi D.

`dmesg` (ujumbe wa kerneli, kiini cha Linux) ilikuwa na hii:

`INFO: task jbd2/md0-8:398 blocked for more than 120 seconds.`
`INFO: task mariadbd:1127 blocked for more than 120 seconds.`

Simu zinaita, bosi amesimama nyuma yangu. Nikaenda chini ya ngazi nikashikilia kitufe mpaka ikazima. Ilipowaka, ext4 ikapitia daftari lake la mabadiliko, MariaDB ikajirekebisha, kazi ikaendelea. Siku tano baadaye ikarudia. Juzi Alhamisi ikawa mara ya tatu, na safari hii jedwali la madeni, ambalo ni la MyISAM (aina ya jedwali isiyohimili kuzimika ghafla) la tangu zamani, likakataa kufunguka. Nimelitengeneza, lakini mistari 14 ya madeni haikurudi. Nimekaa na mhasibu mpaka saa tano usiku tunaiingiza upya kutoka kwenye risiti.

Nilivyokwisha kuangalia: nafasi ya diski imetumika asilimia 46, `df -i` (nafasi ya idadi ya faili) asilimia 11, RAM ipo ya kutosha, UPS ni nzima. `smartctl -H` (kipimo cha afya ya diski) inasema PASSED kwa diski zote mbili. Nikitafuta logi za tukio kwa `journalctl -k -b -1` zinaishia dakika chache kabla ya kuganda, utadhani hakuna lililotokea.

Bosi anasema tununue seva mpya. Sitaki atoe mamilioni kabla sijaweza kumwambia kwa uhakika kinachoumwa ni nini. Je, ni kerneli, ext4, MariaDB, au diski?

kijana_wa_Mbagala

Dada pole sana. Hiyo ext4 imeshaharibika. Piga `fsck -y /dev/md0` sasa hivi halafu iwashe upya. Mimi ilinisaidia kwenye seva yangu ya kukodi. Ikishindikana hamia XFS (mfumo mwingine wa faili), haina mambo hayo.

mkongwe_Kurasini

Kijana wangu, nisamehe nikikupinga mbele za watu, ila ushauri huo naomba mtu asiufuate. Usiendeshe fsck ya kurekebisha kwenye mfumo wa faili uliopachikwa na unaandikwa. Kerneli ina picha yake kichwani ya jinsi diski ilivyo, fsck inabadilisha diski chini ya miguu yake, kisha kerneli inakuja kuandika juu kwa kufuata picha ya zamani. Nimeona hifadhidata ya miaka sita ikiondoka hivyo kwa usiku mmoja. Ukitaka fsck, shusha kwanza au washa kwa flash, na uanze na `-n` inayosoma bila kugusa.

Sasa dada, pole, na umeeleza vizuri. Nitaanza na ile herufi D maana jibu limo humo.

Mchakato ukiwa D maana yake umeiomba kerneli kitu, mara nyingi kutoka kwenye diski au kwenye mtandao kama ni NFS (faili zilizo kwenye mashine nyingine), na umelala usingizi usiokatizwa mpaka jibu lije. Ile `kill -9` yako ilipokelewa, ila iko kwenye foleni, mhusika ataisoma akiamka. Asipoamka hafi. Kwa hiyo acha kabisa kupambana na mariadbd. Na load ya 41 isikutishe: Linux inahesabu pia waliolala D, si wanaokula CPU peke yao. Hiyo 41 ni urefu wa foleni.

Jbd2 ndiye anayeandika daftari la ext4. Anayetaka mabadiliko yake yathibitishwe diskini lazima apite kwake. Yeye akikwama, wote nyuma yake wanakwama, hata `ls` yako. Lakini naye hajakwama kwa kupenda. Chini yake kuna md0, ndiyo ile RAID yako, na chini ya md0 kuna diski mbili, sda na sdb. Muulize anamsubiri nani.

RAID 1 watu wanaielewa nusu. Kusoma, diski yoyote moja inatosha. Kuandika, zote mbili lazima zijibu. Ni kama hundi yenye saini mbili: msaini mmoja akisafiri, hundi inakaa mezani hata kama mwenzake yupo na kalamu mkononi. Diski moja mgonjwa ambayo haijafa kabisa inaburuza seva nzima, na hiyo ni mbaya kuliko diski iliyokufa, kwa sababu iliyokufa md (sehemu ya kerneli inayoendesha RAID) huitoa na kuendelea na iliyobaki.

PASSED ya `smartctl -H` usiiamini peke yake. Diski inaweza kuwa na mamia ya sekta mbovu na bado ikasema PASSED. Piga `smartctl -A` kwenye kila diski, usome namba ya mwisho ya mstari wa 5 (sekta zilizohamishwa), 197 (sekta zinazosubiri hukumu), 198 (zilizoshindikana kusomeka) na 199 (makosa ya mawasiliano). Ikipanda 199 peke yake, shuku kebo kabla ya diski. Zikiwa na kitu 197 na 198, shuku sahani yenyewe.

Halafu piga `smartctl -l scterc /dev/sda`, kisha na sdb, uone diski imewekewa muda gani wa kuhangaika na sekta mbovu. Diski za seva, ikishindwa kusoma sekta, hukata tamaa baada ya sekunde 7 hivi, inatoa kosa, md inachukua nakala kutoka diski ya pili na kuiandika upya ile sekta. Ndivyo RAID inavyotakiwa kujitibu. Diski nyingi za kompyuta ya mezani hazina adabu hiyo, zinang'ang'ania kujaribu hata dakika mbili. Kerneli kwa kawaida inaipa amri moja sekunde 30 tu, angalia `/sys/block/sda/device/timeout`. Sekunde 30 zikiisha inaanza kuipiga diski ngumi: inafuta amri, inafunga mawasiliano, inafungua upya, inajaribu tena. Wakati huo wote hakuna kinachopita. Zidisha kwa sekta chache zilizo mbovu jirani jirani, tayari umemaliza dakika kadhaa.

Kuhusu logi zako kuishia njiani: zinaandikwa kwenye diski hiyo hiyo iliyokwama! Ushahidi lazima utoke nje ya mashine. Kwenye laptop yako acha hii ikiendelea kuanzia jioni:

`ssh root@seva 'dmesg -wT' | tee ushahidi.txt`

Fungua na dirisha la pili la root mapema, uliache wazi, kwa sababu ikishaganda unaweza usiingie tena. Nakili na busybox (amri nyingi ndani ya faili moja) isiyotegemea maktaba nyingine kwenye `/dev/shm`, ambayo ni kumbukumbu ya RAM, kwani amri za kawaida zinasomwa kutoka diskini na zinaweza kukugandia mkononi.

Ikiganda, usiguse kitufe. Kwanza:

`ps -eo pid,stat,wchan:30,comm | grep ' D'`
`echo w > /proc/sysrq-trigger`
`iostat -x 1`

Tumia `comm` kama nilivyoandika, usipige `ps aux`, maana hiyo inasoma mstari mzima wa amri wa kila mchakato na inaweza kukwama kwa mmoja wa waliolala. Ile herufi w inaiambia kerneli itapike hali ya wote waliolala D na mahali walipolalia, utaiona kwenye laptop. Ukilazimika kuzima, tuma `s`, subiri, tuma `u`, subiri, ndipo `b`, kwa njia hiyo hiyo ya sysrq-trigger. Kitufe kiwe cha mwisho kabisa.

Na kabla ya yote haya, leo usiku, bakapu itoke nje ya mashine hiyo. Nakuomba sana.

mdau_Sinza

Mzee amemaliza, naongeza moja. Dada, saa mbili usiku bakapu yako inaanza? Kama inatupa faili kwenye diski hiyo hiyo, kuna jambo la pili. Kerneli inaruhusu maandishi yasiyofika diskini yarundikane kwenye RAM hadi asilimia 20 ya kumbukumbu iliyo huru, hiyo ndiyo `vm.dirty_ratio`. Kwa GB 16 unaongelea karibu GB 3 zinazoshushwa kwa mpigo, na diski ya kuzunguka itahema. Tazama `grep -E 'Dirty|Writeback' /proc/meminfo` wakati wa bakapu. Mimi kwenye seva zangu naweka `vm.dirty_background_bytes=67108864` na `vm.dirty_bytes=268435456`, inashusha kidogo kidogo. Haitatibu diski mbovu, ila usitumie saa ya kufunga hesabu kwa bakapu, isogeze hadi saa tisa alfajiri.

binti_wa_Temeke

Wakuu nimerudi, ni siku ya nne. Bakapu niliitoa usiku ule ule kwenye diski ya nje, nikaenda nayo nyumbani. Niliacha ratiba ya saa mbili kama ilivyo kwa makusudi, nilitaka kukiona kitu chenyewe.

Jana saa mbili na dakika kumi na saba kikaja. Nilikuwa nimekaa kaunta namba mbili na laptop, dmesg inatiririka. Kabla hata muuzaji hajaniita, nikaona:

`ata2.00: exception Emask 0x0 SAct 0x7c00 SErr 0x0 action 0x6 frozen`
`ata2.00: failed command: READ FPDMA QUEUED`
`ata2: hard resetting link`

Mkono ulikuwa unatetemeka lakini sikusogea. Nikaangalia `ls -l /sys/block/`, njia ya sdb ndiyo inapita kwenye ata2. Kwenye `iostat`, sda ilikuwa imetulia kimya. Sdb ilionyesha `%util` 100, na kusoma 0.00 na kuandika 0.00. Shughuli asilimia mia na haimalizi hata ombi moja. Nimeitazama mistari hiyo ikijirudia kila sekunde na nikaelewa maana ya ile hundi ya saini mbili kuliko maelezo yote. Herufi w nayo ikatoa jbd2 akiwa ndani ya `jbd2_journal_commit_transaction`, na mariadbd foleni nyuma yake.

Nikawaambia kaunta waandike karatasi, nikasubiri. Baada ya dakika saba ikaachia yenyewe. Load ikaanza kushuka, mauzo yakaingia, hakuna jedwali lililoumia. Hilo limeniuma sana, kwa sababu zile mara tatu za mwanzo huenda ingejifungua vile vile kama ningesubiri. Ile mistari 14 ya madeni ilikatwa na kitufe.

`smartctl -A` ya sdb: 197 ina 88, 198 ina 88, 199 ni sifuri, joto nyuzi 51. Ya sda ina sifuri kote kwenye mistari hiyo, nyuzi 47. Zote mbili scterc wanajibu kwamba haitambuliki. Ni diski za mezani, aliyefunga seva kabla yangu alizinunua hivyo.

Mdau wa Sinza umenifumbua kitu kingine. Mauzo ya mchana yanagusa kurasa zile zile za siku hizi, lakini bakapu inasoma kila jedwali tangu mwanzo, hadi mauzo ya miaka ya nyuma ambayo hakuna anayeyafungua. Sekta mbovu ziko huko. Na kwa vile RAID 1 inasoma kutoka diski yoyote kati ya mbili, usiku mwingine kipande kile kinasomwa kutoka sda na mambo yanapita salama. Ndiyo maana haikuganda kila siku, na mimi nilikuwa natafuta kosa kwenye kalenda ya wauzaji.

Nilihakikisha bakapu inafunguka kwenye kompyuta nyingine, nikapiga `mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdb1` kisha `--remove`. Leo asubuhi nimezunguka Kariakoo na namba ya modeli mkononi kutafuta diski iliyotengenezwa kwa ajili ya seva ndogo, isiyo ya SMR (zile zinazoandika kwa njia zinazopandana, huwa nzito kuandika). Duka la kwanza walinipa ya mezani wakasema zote sawa. Nikatoka. Duka la tatu ndiyo nimepata, na bei yake haifiki hata robo ya ile seva mpya.

Kabla sijachomoa nilisoma namba ya mfululizo ya sdb kwa `smartctl -i`, nikaiandika kwa kalamu kiganjani, nikaingia chini ya ngazi na tochi ya simu. Diski zinafanana kama pacha. Niliyotaka kuichomoa, kwa kudhani sdb ndiyo ya chini, kumbe ilikuwa sda! Kibandiko kilikuwa na vumbi, nikakifuta kwa kidole, namba tatu za mwisho hazikulingana na za kiganjani. Nikasimama dakika nzima kabla ya kushika nyingine.

Nimenakili mgawanyo kwa `sfdisk`, nimeongeza sdb1 mpya, `/proc/mdstat` ilichukua masaa manne na ushee mpaka ikaandika `[UU]`, yaani diski zote mbili ziko kazini. Na `grub-install /dev/sdb`, ili mashine iweze kuwaka hata kwa diski hiyo, sikuisahau. Bakapu nimeisogeza saa tisa alfajiri, inakwenda nje ya mashine.

Bosi amekubali. Kanunua na feni ya kile chumba.

kijana_wa_Mbagala

Dada hongera. Na mzee shikamoo, nimeelewa ile ya fsck. Ile seva yangu kumbe ilipona kwa bahati.

mkongwe_Kurasini

Marahaba kijana.

Binti, umefanya kazi ya mtu mzima, hasa pale ulipokaa dakika saba bila kugusa. Bado mambo mawili. Sda ni pacha wa ile iliyokufa: umri mmoja, joto lile lile, na scterc haina. Ipandishie muda, `echo 180 > /sys/block/sda/device/timeout`, ili kerneli isiikatize ikiwa inahangaika, na uiweke kwenye udev (kanuni zinazotekelezwa kifaa kikitambuliwa) maana inapotea ukiwasha upya. Hiyo mpya yako ikikubali, `smartctl -l scterc,70,70` (yaani sekunde 7), nayo uirudie kila inapowaka. Kisha ipime sda yote kwa `smartctl -t long /dev/sda`, sifuri za leo ni za sehemu zilizowahi kusomwa tu. Na lile jedwali la madeni lihamishie InnoDB (aina inayojirekebisha baada ya kuzimika ghafla) wiki hii hii.

binti_wa_Temeke

Shikamoo mzee wangu, nashukuru mno. Jedwali limehamia InnoDB jioni hii, mhasibu amehakiki jumla ya madeni na inalingana na daftari lake. Kipimo cha sda nimekianzisha saa tatu usiku huu baada ya kufunga, inasema dakika 255. Nitaleta majibu asubuhi kabla duka halijafunguliwa.